Mrija Niliompelekea Baba Wadini

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani ananifichua. Tangu usichana wangu pale Tororo watu walikuwa wakisema, ukikosana na binti wa yule mzee wa reli, afadhali ukosane na nyuki. Uuguzi haukuniponya. Ulinipa tu kofia nyeupe ya kuvalia hasira zangu, na miaka ile ya sitini, bendera zikiwa bado mpya pande zote mbili za mpaka wetu na Kenya, kofia ile ilikuwa na uzito wake. Sista akisema jambo, watu waliamini.

Siku ninayoisimulia nilikuwa natoka kula mchana. Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imekwisha, wageni wanatoka na vikapu vyao. Niliingia wadini, nikaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha baba, na kama ilivyo kazi yangu nikatazama kwanza chupa iliyokuwa sakafuni, kabla sijamtazama yeye usoni.

Nieleze hiyo chupa. Baba alikuwa na siku ya tano tangu apasuliwe. Saratani ilikuwa imeziba umio, yaani ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni, na daktari wetu alimfungua kifua akaikata akaitoa. Kisha akauvuta mfuko wa tumbo juu mpaka kifuani, akaushona na kipande cha njia kilichobaki. Mshono ule ndio uliokuwa uhai wa baba. Ukishika, atakula tena kama watu. Ukifumuka, kila anachomeza kitamwagikia kifuani na kumwozesha kwa ndani. Kwa hiyo amri ilikuwa moja: asimeze kitu mpaka siku ya nane. Maji hapana. Hata mate yake alitema kwenye bakuli. Alilishwa kwa mpira mwembamba uliopenya ngozi ya tumbo ukaingia kwenye utumbo, na mpira mwingine mnene ulitoka ubavuni ukashuka hadi kwenye chupa kubwa ya kioo, kuondoa uchafu wa kifua.

Asubuhi ile nilikuwa nimeyapima maji ya chupa kwa mkono wangu. Yalikuwa mepesi, na wekundu kidogo tu. Sasa yalikuwa ya kahawia, mazito, na chini yake kumetuama unga wa wimbi. Nikainama. Nikanusa.

Malwa!

Mungu wangu! Nikashika chuma cha kitanda. Malwa ni pombe yetu ya wimbi. Hutiwa chunguni, ikamiminiwa maji ya moto, wazee wakakizunguka chungu kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio ncha ya chini. Malwa mahali pake ni kwenye chungu. Na sasa ilikuwa mbele ya macho yangu, imepita kifuani mwa baba yangu, imetokea ubavuni.

"Nani amempa?" nikapiga kelele. "Nani amempa mtu huyu pombe?"

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekaa kwenye kiti na kisu, anamenya machungwa ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyala. Aliniangalia kana kwamba mwenye wazimu ni mimi.

"Pole pole, mwanangu. Amekunywa kidogo tu. Mara tatu hivi."

"Mara tatu! Nilikwambia asipewe kitu!"

"Wewe alisema asikule. Sasa malwa ni chakula? Malwa nachujwa. Mtu siku tano hana kitu tumboni, nyinyi nataka kumuua na njaa!"

Ndipo nikauona mrija. Ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma ya kitanda, na ncha yake ilikuwa bado imelowa. Mrija huo niliuleta mimi. Siku mbili kabla, baba aliniambia kwa kile kisauti cha mkwaruzo kilichombakia baada ya upasuaji, "Mama, niletee mrija wangu. Niuone tu hapa." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikaona ni mambo ya wazee, kama mtu anayetaka bakora yake karibu. Nikaufuata nyumbani, nikaufuta vumbi, nikauleta hospitali nikiuning'iniza begani, wauguzi wenzangu wananicheka: sista, leo chungu kiko wapi? Mimi, mwenye cheti cha uuguzi ukutani! Nilimpelekea baba kitanzi chake na nikakifuta vumbi.

"Na malwa ililetwa na nani?"

Shangazi akalitaja jina la mzee wa Busia.

Huyo simtaji jina hapa, nitamwita nilivyomwita tangu utoto: baba mdogo. Hatukuwa damu moja. Yeye na baba walipigilia mataruma ya reli pamoja tangu ujana, na walipostaafu baba alirudi Tororo, yeye akajenga Busia, upande wa Kenya. Kila mwezi mmoja wao alimfuata mwenziwe wakanywa. Mkewe alikuwa anapika malwa ya kuuza, na uani kwao hapakukosa watu.

Ni uani huko huko baba alipoanza kukabwa. Kumbe alikuwa anaficha kwa miezi, ugali anautafuna mpaka unakuwa uji ndipo aumeze. Mficha maradhi, kifo humfichua. Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza. Alivuta malwa, ikakataa kushuka, ikarudi ikatokea puani, akaanguka ubavu anahangaika kutafuta pumzi. Na mimi, mbele ya watu kama kumi na watano, nikasimama nikamnyoshea kidole baba mdogo.

"Umemtilia nini baba yangu?"

Ulimi hauna mfupa. Neno lile lilivuka mpaka kabla sisi hatujavuka. Watu wakasema lisemwalo lipo, tena limesemwa na sista, mtu wa hospitali, yeye asijue sumu? Baada ya wiki mbili hakuna aliyekwenda kunywa kwa baba mdogo.

Kisha tukampeleka baba kupigwa picha. Akanyweshwa ule uji mweupe kama chokaa unaoonekana kwenye picha, na kwenye picha tukaona uvimbe umeibana njia, hakuna sumu wala nini. Nilijua siku hiyo hiyo. Nikasema Jumapili nitakwenda Busia nikaombe radhi. Jumapili ikapita. Na nyingine. Aibu ni kitu kibaya, kila ukiilaza inaamka ikiwa imenenepa.

Haya, sasa rudi nami wadini. Mtu unayejua hayo yote, unajua kwamba ulimsingizia mzee wa watu, unasikia ameleta malwa kwa mgonjwa. Unafanya nini? Nitawaambia nilichofanya. Niligeuka, vitanda thelathini vinanisikiliza, nikasema kwa sauti yangu yote:

"Amerudi kumalizia kazi yake!"

Haki ya Mungu, nilisema. Mpaka leo nikikumbuka nashika mdomo. Na baba alinisikia. Alifumba macho, akageuza uso ukutani.

Daktari alikuja mbio. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale Tororo, Kiswahili chake cha dukani kwa baba yake, mikono yake ya kazi kwelikweli. Alipiga magoti sakafuni na suruali yake nyeupe, akainua chupa kwenye mwanga, akaigeuza.

"Hii nini, sista?"

"Malwa, daktari. Wamempa malwa! Wameniulia baba! Hawa watu..."

"Sista. Hapana piga kelele. Kelele hapana funga tundu."

Akampima baba mapigo, akamsikiliza kifua, akagusa paji la uso lililokuwa limeanza kuwa la moto. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Mimi nataka siku ya nane kumpa maji ya rangi ya buluu, ameze, mimi natazama chupa. Kama buluu natoka, mshono navuja. Mzee hapana ngoja. Ametumia rangi yake mwenyewe."

"Ni malwa iliyoufumua?"

"Hapana jua. Pengine malwa nafungua. Pengine mshono ilikuwa wazi tayari, malwa naonyesha tu. Wewe nataka nikwambie nani mbaya. Mimi hapana hakimu. Lete sindano ya ganzi na mpira mkubwa."

Alimtoboa tena ubavuni mchana ule ule, chini kidogo, akaingiza mpira wa pili, na nilichokiona kikimiminika sitakieleza, mtu asije akashindwa kula. Baba hakulia. Alinishika kiwiko na vidole vyake vya reli, na alama za vidole hivyo nilikaa nazo siku nne.

Baada ya hapo ikawa ni kusubiri, na kusubiri kwenyewe ni kazi. Tundu kama lile halikimbiliwi kushonwa tena, nyama zimeoza, uzi haushiki. Unalipa nafasi lijifunge. Unakausha kifua, unachoma penisilini, unamlisha mtu kwa chini ili apate nguvu za kujiziba kwa juu. Kila saa mbili nilichanganya maziwa, mayai mabichi na sukari, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina kwenye faneli taratibu, maana ukiharakisha tumbo linamkata na anaharisha. Nilimgeuza. Nilimwinua. Maji ya mwilini yaliyovujia kando ya mpira yalikuwa yanakula ngozi yake kama magadi, nikampaka dawa ya zinki asubuhi na jioni, nikisema pole baba, pole. Yeye hakunijibu. Hakuwa ameniambia neno tangu siku ile.

Siku ya tisa homa ilipanda akaanza kuwaita watu wa reli waliokwisha kufa, akiwahimiza wapige pamoja, wapige pamoja. Nilikwenda chooni nikalia. Nilijiona nimekwisha kumzika. Niliporudi nikakuta shangazi amempigia magoti Mama Maria huku ameshika lile bakuli la mate, na sikuwa na nguvu za kugombana na mtu.

Homa ilivunjika siku ya kumi na tatu. Alfajiri nilimkuta macho yake yamekuwa yake tena. Nikambadilisha shuka. Nikashindwa kujizuia.

"Baba, ulijua hupaswi kumeza. Daktari alikwambia. Mimi nilikwambia. Kwa nini?"

Akanivuta sikio langu karibu na mdomo wake.

"Mama. Juma lile kabla ya kupasuliwa alikuja kunisalimu tu. Mimi ndiye niliyemtuma nyumbani kwake akalete malwa. Nilimwambia, siku nitakayokupelekea neno kwamba mrija umefika, njoo tunywe, wewe utangulie, watu waone. Ningekufa sijanywa naye baada ya maneno yako, ungekuwa umetuzika wawili."

Woi! Nilikaa kwenye kitanda, jambo ambalo muuguzi hukatazwa kila siku. Kwetu mtu akiukataa mrija wa mwenziwe amemtangaza kuwa mtia sumu, na akiupokea mbele ya watu amemsafisha. Hiyo naijua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa maji ya moto. Lakini kofia yangu ilinisahaulisha. Nilitafuta mwovu aliyeifumua ile njia, nikamtafuta kwa shangazi, nikamtafuta Busia, nikamtafuta hata kwenye mrija, na kumbe baba alikuwa anakunywa kuosha neno nililolisema mimi. Alijua mshono unaweza kufumuka. Akauweka rehani pamoja na uhai wake, akavuta mara tatu.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kifua cha baba yangu.

Kilichovuja kilipungua siku hadi siku. Katika wiki ya nne daktari alileta maji ya buluu kwenye glasi. Baba akayanywa kwa vijiko, sisi sote macho chini kwenye chupa, hata wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua shingo. Nusu saa. Saa nzima. Chupa ikabaki na maji yake yaleyale meupe. Daktari akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akacheka peke yake.

"Sawa, mzee. Sasa maji safi. Pole pole. Kesho uji."

Nikajaza glasi. Nikampa. Baba akaishika, akaitazama. Mwezi mzima ulimi wake ulikuwa umekauka kama kigae. Kisha akairudisha juu ya kabati, akaifunika kwa kisosi.

"Nenda Busia kwanza."

"Baba, kunywa! Kunywa nikuone, nitakwenda, naapa nitakwenda leo!"

"Ulisema hivyo Jumapili ngapi?"

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Mwezi mzima sijalala, leo mshono umeshika, mzee anagoma! Nilimwambia daktari, daktari akainua mabega: mpira wa chini unamlisha, kiu haitamuua. Shangazi akanitolea macho. Nikavua aproni, nikatoka, nikapanda lori la pamba lililokuwa linakwenda mpakani.

Nilimkuta baba mdogo uani kwake, anasuka kamba. Mirija ya wateja ilikuwa imechomekwa upenuni kama zamani, lakini imefungwa na tando za buibui. Vyungu viwili vilikuwa vimefudikizwa. Alikuwa amekonda kuliko baba, na yeye hakupasuliwa. Nilipiga magoti hata kabla ya salamu.

"Ndugu yangu yu hai?" akauliza.

"Yu hai, baba mdogo. Mshono umeshika. Amekataa maji mpaka nije kwako. Nimekuja kuomba radhi. Tafadhali, twende wote, akuone anywe."

"Niende kufanya nini?" Hakupandisha sauti. "Mimi nilishakunywa naye. Wewe ndiye hujanywa."

Nikasema nitakunywa. Nikasema aniletee hata sasa hivi.

"Hapana. Ulilisema mbele ya watu. Usije ukalifuta tukiwa wawili."

Akamtuma mkewe awaite majirani. Walikuja saba au wanane, nikawatambua, walikuwapo siku ile. Walisimama mbali, karibu na ua, mikono nyuma. Hakuna aliyekuja na mrija. Mkewe akaleta chungu kidogo cha malwa aliyokuwa ameipika kwa ajili ya nyumba yake tu, akakiweka katikati, akamimina maji ya moto.

Nikasimama palepale nilipokuwa nimesimama nikinyosha kidole.

"Nilisema amemtilia baba yangu kitu. Ni uongo. Ni ugonjwa, tumeuona kwenye picha. Nimelijua hilo miezi minne, na nilinyamaza."

Mama mmoja mzee akapiga viganja. "Miezi minne? Na wewe ni sista!" Wale watu walikuwa wameacha kumsalimu jirani yao kwa kuamini kofia yangu, na nyuso zao zilikuwa za watu walioibiwa.

Sikuwa na mrija. Wangu uko wapi, mimi ni mtu wa chai. Baba mdogo akauchomoa wake, akavuta kwanza yeye, akaifuta ncha kwa kiganja, akanipa. Nikavuta. Ilikuwa ya moto na chachu, ikanishuka yote, na nilihisi kila inapopita, kooni, kifuani, mpaka chini. Sikuwa nimewahi kujua kwamba kumeza kuna njia ndefu hivyo. Nilivuta mara tatu, machozi yananitiririka hadi kwenye mrija. Nilipoinua kichwa yule mama mzee alikuwa ameondoka. Nikajua amekwenda kunitangaza. Baada ya muda akarudi na mrija wake.

Nililala kwao, asubuhi nikarudi Tororo. Niliingia wadini na nguo za jana, nanuka moshi. Glasi ilikuwa palepale, chini ya kisosi. Baba alikuwa amekaa, ameegemea mito, midomo imepasuka.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya walewale."

Akanyosha mkono. Nikampa glasi. Akanywa funda moja, nikaliona koo lake likipanda na kushuka, nikatazama chupa sakafuni, nikatazama koo. Funda la pili. Chupa haikubadilika. Alikunywa mpaka glasi ikaisha, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mama," akasema, "niongeze."